Kanivali ya Fort-de-France kwa Wenye Mashua ya Tanga

Karibu kila kisiwa cha Karibi kina kanivali yake, lakini bandari ambazo unasikia ngoma ukiwa sitahani, kisha dakika tano baadaye umesimama ukingoni mwa maandamano, ni za kuhesabu. Kanivali ya Trinidad ndiyo kubwa kuliko zote, hatubishi. Ila kule mashua hulala Chaguaramas, kufika Port of Spain ni safari ya gari, na kurudi usiku wa manane ni kazi nyingine. Fort-de-France, mji mkuu wa Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko huko Karibi, hauna shida hiyo. Unatia nanga chini ya kuta za ngome ya Fort Saint-Louis, mbele ya bustani ya La Savane, na maandamano yanapita barabara ya pwani. Kasoro yake ni kwamba wenye mashua wa visiwa vya jirani nao wanalijua hilo. Ukifika Jumapili mchana utabaki nyuma kabisa, kwenye kina kirefu na mawimbi ya vivuko, ukiangalia kanivali kwa darubini.

Kwa hiyo tuanze na kalenda. Kanivali hufuata Pasaka, na Jumatano ya Majivu huwa siku 46 kabla yake. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, basi siku kuu za kanivali ni Jumapili Februari 7 hadi Jumatano Februari 10. Mwaka 2028 zitakuwa Februari 27 hadi Machi 1. Angalia vizuri: hadi Jumatano. Kwingi duniani kanivali hufa Jumanne usiku, ili Jumatano waumini wapakwe majivu. Martinique wameongeza siku. Wanaisherehekea Jumatano yenyewe, na jioni yake ndiyo wanayomzika mfalme wa kanivali kwa moto. Kama una siku moja tu, ije iwe hiyo.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Wiki hiyo, kuanzia Jumatatu, ofisi na maduka mengi hufungwa kutwa au nusu kutwa mpaka Alhamisi. Makaratasi ya kuingia nchini yawe yamekwisha Ijumaa, Jumamosi asubuhi ikishindikana kabisa. Uzuri wa visiwa vya Ufaransa ni kwamba hakuna kuzunguka dirisha hadi dirisha: unakaa kwenye kompyuta ya forodha, ambayo mara nyingi imewekwa ndani ya duka la vifaa vya mashua au ofisi ya marina, unajaza jina la chombo, namba ya usajili, mabaharia na pasipoti zao, bandari ulikotoka na unakokwenda. Unachapisha, mwenye duka anagonga muhuri, unalipa euro chache. Kinachowakwamisha watu ni vitu viwili. Kwanza, kibodi ni ya Kifaransa: A na Q zimebadilishana nafasi, na namba zinataka kitufe cha herufi kubwa. Pili, duka likifungwa, kompyuta nayo imefungwa.

Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya kuna jambo la ziada, na hili halina njia ya mkato. Martinique ni mkoa wa Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Viza iwe imeandikwa wazi kwamba inakubalika katika mikoa ya Ufaransa ya ng'ambo. Omba hivyo tangu mwanzo.

Wengi hutokea Saint Lucia. Kutoka Rodney Bay hadi Fort-de-France ni maili za baharini 32 hivi, ambazo mashua ya futi 40 inazimaliza kwa saa tano au sita. Ondoka alfajiri uingie mchana jua likiwa juu. Aliyezoea kaskazi na kusi itabidi asahau: huku upepo hutoka mashariki mwaka mzima, na mwezi Februari ndio wakati wa nguvu zake, noti 15 hadi 25 (noti ni maili ya baharini kwa saa), na katikati ya mlangobahari mawimbi ya mita mbili na zaidi si ajabu. Punguza tanga mara mbili kabla ya kutoka kwenye kivuli cha kisiwa, usingoje upepo ukukute. Mkondo nao unasukuma kuelekea magharibi, mara nyingi kwa noti moja. Ukienda noti 6 na mkondo wa noti 1 ubavuni, elekeza omo, yaani mbele ya mashua, digrii 10 mashariki ya njia unayotaka. Asiyefanya hivyo hujikuta maili tatu au nne chini ya upepo, halafu anakula joshi, yaani kupanda upepo kwa kukata huku na huku, mchana kutwa kuzirudisha.

Ukishaupita mwamba wa Diamond na Cap Salomon, ghuba inafunguka na upepo unakujia usoni. Hapo karibu wote huwasha injini kwa maili za mwisho, na hakuna aibu. Aibu ni kuwasha injini bila kuangalia maji: kando ya pwani yote hii kuna maboya ya madema ya wavuvi, mengine ni chupa tupu za plastiki zilizofungwa kamba, na kamba hiyo ikiingia kwenye panka ya injini utazamia na kisu. Weka mtu omoni.

Kuna jambo linalowapoteza mabaharia wa pwani yetu. Afrika Mashariki, ukiingia bandarini, boya jekundu unaliacha kushoto kwako. Karibi ni kinyume, jekundu linakuwa kulia. Martinique ni Ufaransa lakini kwa maboya inafuata Karibi, si Ulaya. Kusini ya ngome kuna maji mafupi, kwa hiyo usikate kona ukiona watu wanakupungia kutoka pwani. Kituo cha uokoaji cha eneo lote, kiitwacho CROSS, kiko Fort-de-France hapo hapo. Wanasikiliza redio ya VHF, chaneli ya 16, na kwa simu ni 196.

Mahali pazuri pa kutia nanga pana kina cha mita 4 hadi 7, magharibi ya ngome, mbele ya La Savane. Ngome bado ni kambi ya jeshi la majini. Eneo lake limeonyeshwa kwenye ramani, usiliguse. Acha pia njia ya vivuko vinavyovuka kwenda upande wa Trois-Îlets, maana vinapita mapema asubuhi mpaka jioni na havipunguzi mwendo kwa sababu ya kahawa yako. Hesabu ya mnyororo ni rahisi: kina mita 5, omo yako iko mita 1 juu ya maji, jumla 6, zidisha kwa 5, achia mnyororo wa mita 30. Upepo ukikaza zidisha kwa 7, yaani mita 42. Tatizo ni kwamba kufikia Jumamosi jioni mashua zimebanana kiasi kwamba hizo mita 42 humpati jirani wa kukuruhusu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kufika Ijumaa: anayefika kwanza ndiye anayeamua mduara ambao mashua yake itazungukia nanga, na wanaofuata wanajipanga kwake.

Chini ni tope lenye mchanga, linashika vizuri likipewa muda. Shusha nanga, rudi nyuma taratibu mpaka mnyororo ulale wote, subiri dakika mbili tatu, ndipo uongeze mashine kinyumenyume pole pole mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika na uishikilie hapo nusu dakika huku ukitazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana. Vikiachana, nanga inatembea. Inua, anza upya. Nanga nyingi zinazokokota hapa hazikokoti kwa ubaya wa chini bali kwa haraka ya mwenyewe, aliyevuta kabla ya nanga kuzama topeni. Usiku upepo hupungua, na mashua zinaanza kugeuka kila moja upande wake. Yenye mnyororo mtupu hukaa karibu na nanga yake, yenye amari ndefu, yaani kamba ya nanga, huzunguka mbali. Ukiona jirani ana amari, muongezee nafasi hata kama saa hizi mko mbali.

Asiyepapenda pale anaweza kulala ng'ambo ya ghuba, Anse Mitan au Anse à l'Âne, maji safi na usingizi mzuri, akavuka kwa kivuko. Ni chaguo la busara kwa wenye watoto wadogo. Lakini ratiba ya vivuko siku za kanivali si ile ya kawaida. Soma tangazo la siku hiyo hapo gatini, hasa saa ya chombo cha mwisho.

Kidau cha mpira, kile cha kukufikisha pwani, kinahitaji mawazo kuliko watu wanavyodhani. Gati la vidau liko ufukweni mwa La Savane, na siku hizo vinakuwa safu tatu. Kamba ya omo iwe ndefu, mita 4 au 5, ili wengine waweze kukisukuma pembeni na kupita. Ukikifunga kifupi watakikanyaga. Inua mashine, lakini si kama panka itamchoma jirani ubavuni. Kifunge kwa waya wa chuma na kufuli, waya upite kwenye mashine, kwenye tangi la mafuta na kwenye pete ya gati. Wimbi la kivuko linaweza kukitia chini ya gati na kukipasua kwa msumari, kwa hiyo tafuta upande ambao upepo unakisukuma kutoka, si kuingia. Jambo moja la kukufurahisha ni kwamba bamvua kama la Zanzibar au Mombasa, la mita tatu au nne, huku halipo. Maji hupanda na kushuka nusu mita hivi, kwa hiyo hutarudi usiku ukakuta kidau kinaning'inia hewani. Usiku kiinue kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, ubavuni mwa mashua; kilicho majini kimefungwa kamba tu ni zawadi kwa mpita njia.

Kila siku ina rangi yake, na anayekwenda na nguo za siku nyingine huonekana kama aliyekosea harusi. Pakia kabla hujaondoka: kitu chekundu na cheusi kwa Jumanne, cheusi na cheupe kwa Jumatano, na nguo moja kuukuu usiyoijali.

Jumapili Vaval anatoka. Vaval ni sanamu kubwa, mfalme wa kanivali, na kila mwaka anaundwa kwa sura inayokejeli jambo lililowakera watu mwaka huo: siasa, bei za vitu, kashfa. Sura yake inafichwa mpaka siku yenyewe, na nusu ya raha ya Jumapili ni kuwasikiliza wenyeji wakibishana kama safari hii amepatia. Jumatatu wenye nguvu huanza alfajiri na pajama mitaani, kisha alasiri ni harusi za kichekesho: mwanamume mwenye ndevu ndani ya shela, bibi harusi mjamzito kupita kiasi, mwanamke aliyevaa suti na kuvuta sigara, wanaozwa na padri wa uongo. Wote wanaigiza kwa dhati. Mpenda mizaha atakaa muda mrefu hapa. Mpenda mavazi na angoje kesho.

Jumanne ni ya mashetani wekundu. Shetani mkuu ana kinyago kikubwa chenye pembe nyingi za ng'ombe, nguo nyekundu iliyoshonewa vioo vidogo na njuga, na kundi la watoto likimfuata. Aimé Césaire, mshairi aliyekuwa meya wa mji huu tangu 1945 hadi 2001, alisimulia kwamba aliona kinyago cha namna hiyo Casamance, Senegal, na kukitambua papo hapo. Ukikiona kwa karibu, yale mavazi ya dukani yanayopita nyuma yake yanakosa uzito. Watafute pia Marianne Lapo Fig, aliyefunikwa majani makavu ya mgomba kuanzia kichwani hadi miguuni, na Caroline Zié-Loli, mwanamke aliyembeba mume wake mlevi mgongoni. Miguu ya mume ndiyo ya kweli au ya bandia, hilo utaligundua akipita. Moko Zombi wanatembea juu ya magongo marefu.

Na kuna Nèg Gwo Siwo, waliojipaka masizi na asali ya miwa mwili mzima wakikimbia kuelekea watazamaji. Ndiyo maana tulitaja nguo kuukuu. Wakikugusa, usipande mashua hivyo hivyo. Asali ya miwa hutoka kwa maji, masizi hayatoki: yasugue kwanza kwa mafuta ya kupikia, futa kwa kitambaa, ndipo sabuni. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye kidau. Masizi yakifika kwenye mito ya kukalia au kwenye tanga, yatasafiri nawe hadi visiwa vya Azores, ng'ambo ya Atlantiki.

Maandamano makuu huanza alasiri, saa tisa hivi, na hukolea jua likishuka. Huzunguka katikati ya mji, kwa kawaida kupitia Boulevard Général de Gaulle na barabara ya pwani. Njia kamili hutangazwa na mji kila mwaka. Wageni hukimbilia mbele ya bahari kwa kuwa ni karibu na kidau, lakini pale makundi hufika yamechoka na yametawanyika. Ushauri wetu ni kupanda kidogo mjini mapema, ukayaona yakiwa bado yamepangwa, kisha ukashuka nayo pwani. Simama pembeni ya kona: kundi linapokata kona hupunguza mwendo, safu zinapanuka, na unawaona wapiga ngoma wa nyuma ambao mahali pengine hufunikwa na vichwa.

Makundi ya miguu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Tanbou Bô Kannal na Plastic System Band wanajulikana kisiwa kizima. Hawa wa pili wamepata jina kutokana na mapipa ya plastiki wanayoyapiga. Mapipa makubwa yanashika mdundo wa chini, ngoma ndogo zinajibu, tarumbeta zinapanda juu, na kundi zima linatembea kwa hatua fupi ya kukimbia isiyochoka. Nyuma yake hufuata umati wowote unaotaka. Mwendo huo wa kufuata huitwa vidé, na ndiyo njia halali ya mgeni kuingia. Ingia nyuma, baada ya wapigaji wa mwisho. Usipenye katikati ya safu zenye sare, usivuke kamba inayowazunguka, usisimame ghafla mbele ya ngoma kupiga picha. Anayebeba pipa haoni miguu yake, na mkigongana kosa ni lako.

Baina ya makundi hupita magari mabovu yaliyopakwa rangi, bradjak, yenye watu juu ya paa na mabomba ya moshi yaliyochezewa ili yalipuke kama bunduki. Kaa mbali na nyuma yake. Malori ya muziki nayo yana spika za kutikisa kifua. Vizibo vya masikio vya povu ni senti chache na vinaokoa usiku wako. Beba maji lita moja na nusu, noti ndogo za euro, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na taa ya kichwani kwa ajili ya kidau. Pasipoti iache mashuani, chukua nakala. Njaa haitakusumbua, kila kona kuna maandazi ya kanivali yaliyonyunyiziwa sukari, ambayo mtu wa Tanga au Lamu atayala bila kuuliza jina.

Jumatano mji wote unakuwa mweusi na mweupe. Ni matanga, na waliofiwa ni mji mzima: wajane wenye shela nyeusi, wengine wamejipaka unga usoni, wote wanamlilia Vaval asiwaache, huku wakicheza kwa nguvu kuliko siku zilizotangulia. Giza linapoingia Vaval anachomwa hapo ufukweni. Wanaoujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, na kile kibanda kinachotiwa moto, wataelewa haraka kuliko watalii wengine kinachofanyika.

Kwa moto huo mashua yako ndiyo kiti cha mbele, lakini mashua ni kitu kinachoungua. Upepo wa mashariki unapeleka cheche baharini, na ukiwa chini ya upepo zitakufikia. Kabla ya magharibi kunja chandarua cha kivuli, ondoa nguo zilizoanikwa, funika tanga kubwa, funga madirisha ya sitahani, na weka ndoo mbili za maji zenye kamba. Mtungi wa petroli wa kidau ushushwe mahali pasipofikiwa na cheche. Kama wengine wako pwani, mtu mmoja abaki, si kwa moto tu: huo ndio usiku ambao vidau vyenye watu waliolewa vinapita bila taa katikati ya mashua. Washa taa ya nanga, na nyingine chini karibu na sitaha, kwa sababu mwenye kidau hatazami juu ya mlingoti. Ukirudi kutoka pwani nenda polepole, kamba ya kuzimia mashine ikiwa imefungwa mkononi.

Alhamisi hakuna kinachosikika isipokuwa mifagio. Kompyuta ya forodha ina foleni, maana nusu ya mashua zinaondoka siku hiyo. Nenda duka linapofunguliwa au ungoje Ijumaa. Wakati wa kung'oa, mnyororo utapanda umejaa tope zito lenye harufu. Uvute mita tano tano, ukiusugua kwa brashi ya mpini mrefu na ndoo ya maji kabla haujaingia kwenye sanduku lake, na usishangae ukikuta wa jirani umelala juu ya wako. Aliyekosa wiki yote asikate tamaa: katikati ya Kwaresima, siku ya Alhamisi, Martinique hujipa ruhusa ya siku moja, ngoma zinatoka tena, na nafasi za kutia nanga zipo tele.